Bei za nyumba kushuka na nyumba kupigwa mnada Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wenye nyumba Marekani, au wanaotaka kununua, ambao wameanza kuona bei za mtaani kwao zikiteremka. Nimekuwa wakala wa nyumba tangu kabla ya mporomoko wa 2008, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa msikitini, kanisani, misibani na kwa simu za usiku. Sheria za nyumba hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, kwa hiyo nikitaja jimbo fulani, usichukulie kuwa lako liko hivyo. Kama tayari una barua yenye tarehe ya mnada, anza na swali la 9.

## Mambo ya msingi

1. Bei ya nyumba yangu imeshuka. Benki inaweza kunidai nifidie tofauti, au kuichukua nyumba?

Hapana. Mkopo wa nyumba wa kawaida haufuati bei ya soko. Ulikopa dola 300,000, leo nyumba ina thamani ya dola 260,000, na masharti yako ni yale yale: lipa rejesho la kila mwezi, lipa kodi ya nyumba, weka bima. Ukiyatimiza hayo, benki haina pa kukushikia.

Nimeliweka jibu hili mwanzo kwa sababu hofu hii imewafanya watu wauze kwa hasara bila kulazimishwa na yeyote. Nyumba hupotea pale mambo mawili yanapokutana: mwenyewe ameshindwa kulipa, na bei imeshuka kiasi kwamba hata akiuza deni haliishi. Aliyeshindwa kulipa lakini nyumba yake ina thamani kuliko deni, anaweza kuuza na kuondoka na kilichobaki. Ambaye thamani imeshuka lakini bado analipa, anakaa kwake. Kabla hujasoma zaidi, jiulize wewe uko upande upi.

2. Bei zinashuka kwa sababu gani?

Kwanza ni riba. Mapema Januari 2021 wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30 ulikuwa asilimia 2.65, chini kuliko wakati wowote uliorekodiwa. Mwishoni mwa Oktoba 2023 ulikaribia asilimia 7.8. Mkopo wa dola 300,000 kwa asilimia 3 hulipwa kama dola 1,265 kwa mwezi. Kwa asilimia 7 hulipwa kama dola 1,996, kabla ya kodi na bima. Mnunuzi mwenye mshahara ule ule hawezi tena kuifikia nyumba ile ile, na muuzaji anayehitaji kuondoka hana budi kuteremka.

Kinachobaki ni mambo ya mahali. Austin, Texas, ilijengwa nyumba nyingi wakati watu walikuwa wakimiminika, na bei zilipofika kilele mwaka 2022 zikaanza kurudi nyuma. Florida ina mzigo mwingine. Tarehe 24 Juni 2021 jengo la Champlain Towers South huko Surfside liliporomoka na kuua watu 98. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria ya kukagua majengo ya zamani na kuyalazimisha kuweka akiba ya matengenezo. Michango ya kila mwezi ikapanda, bima nayo ikapanda, na fleti katika majengo ya zamani zikakosa wanunuzi. Kwa hiyo mtu akikuambia "bei za Marekani zimeshuka", muulize ni mji gani na ni nyumba ya aina gani.

3. Je, 2008 inarudi?

Sioni hivyo, na nitaeleza kwa nini, kisha nitaje wale ambao nina wasiwasi nao.

Wakati ule bei zilifika kilele mwaka 2006 na kuendelea kuanguka hadi mapema 2012. Kitaifa zilipungua kwa zaidi ya robo. Las Vegas zilipungua kwa zaidi ya asilimia 60, Phoenix kwa zaidi ya nusu, ilhali Dallas hazikupungua hata kwa kiwango kinachokaribia hivyo. Bei peke yake haikuleta maafa yale. Mikopo ndiyo iliyoyaleta. Watu walipewa mikopo ambayo riba yake ilikuwa ndogo kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha ikaruka. Kipato kiliandikwa kwenye fomu na hakuna aliyekikagua. Walioambiwa "utabadilisha mkopo kabla riba haijapanda" walikuta nyumba zao hazina thamani ya kuwapatia mkopo mwingine. Benki kubwa ya Lehman Brothers ikafilisika tarehe 15 Septemba 2008, ajira zikakatika, na kufikia 2010 nyumba karibu milioni 2.9 zilipokea hati za hatua za kunadiwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa takriban 357,000.

Baada ya hapo sheria ya Dodd-Frank, ya kuzidhibiti benki na wakopeshaji, ilipitishwa mwaka 2010, na tangu Januari 2014 mkopeshaji analazimika kuthibitisha kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa. Wenye nyumba wengi leo wana riba isiyobadilika, na wengi walinunua au kubadilisha mikopo riba ilipokuwa chini ya asilimia 4. Wana mtaji mkubwa ndani ya nyumba, yaani thamani ukitoa deni. Mtu wa namna hiyo akipoteza kazi, ana kitu cha kuuza.

Wasiwasi wangu uko kwa walionunua 2022 au 2023 kwa mkopo wa FHA, yaani unaowekewa bima na serikali ya shirikisho, wenye kianzio (pesa ya kutanguliza) cha asilimia 3.5, riba ikiwa juu, katika miji iliyojengwa kupita kiasi. Kwao bei ikishuka kidogo tu, mtaji unaisha. Wengi wa jamaa zetu wako kundi hili, maana ndipo walipopata karatasi zao, kazi ya pili na kianzio. Nawaandikia hao kuliko wengine wote.

4. Bei zitashuka hadi lini?

Atakayekutajia mwezi anakudanganya. Mara iliyopita kuanguka kulichukua takriban miaka sita, na wastani wa taifa ulirudi kwenye kilele cha 2006 mwaka 2016. Las Vegas ilingoja zaidi.

Badala ya utabiri, tazama mambo matatu ya mtaani kwako. Nyumba zilizoko sokoni zingechukua miezi mingapi kuisha kwa kasi ya sasa ya mauzo? Takriban miezi sita huhesabiwa kuwa soko lililosawazika. Ikizidi hapo, mnunuzi ndiye mwenye nguvu. Wenye kampuni za ujenzi wanatoa punguzo gani? Wakianza kulipia riba ya mnunuzi ili bei iliyoandikwa isionekane imeshuka, ujue bei halisi imeshuka. Na je, mwajiri mkubwa wa eneo lenu anaajiri au anapunguza watu? Hili la tatu nalipa uzito kuliko mawili ya kwanza.

## Nimeanza kubanwa

5. Naona kabisa kuwa miezi miwili ijayo sitaweza kulipa. Nianzie wapi?

Ipigie simu kampuni inayopokea rejesho lako kabla hujachelewa. Kampuni hiyo ni msimamizi wa mkopo, na mara nyingi siyo iliyokukopesha. Omba fomu ya maombi ya nafuu. Omba mkalimani wa Kiswahili ukihitaji. Andika jina la uliyezungumza naye, tarehe na alichosema.

Simu ya pili iwe kwa mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na wizara ya makazi ya shirikisho, HUD. Ushauri wao wa kuzuia mnada ni bure. Wanazijua fomu, na msimamizi wa mkopo humsikiliza mshauri tofauti na anavyomsikiliza mkopaji aliyechanganyikiwa.

Naomba niseme jambo la jamii yetu kwa uwazi. Nimeona watu wakiendelea kutuma pesa za ujenzi nyumbani, au kuchangia harusi, huku rejesho la Marekani limelala miezi mitatu, kwa sababu ya aibu ya kusema hapana. Waambie ndugu zako ukweli mapema. Kiwanja kitakusubiri kwa muda, lakini malimbikizo hayasubiri.

6. Nafuu zenyewe ni zipi?

Kuna kusimamishiwa malipo kwa muda. Hii ilitumika sana chini ya sheria ya CARES ya Machi 2020, wakati wa korona. Malipo hayafutwi, yanasogezwa, kwa hiyo uliza mapema yatalipwaje muda ukiisha.

Kuna kubadilisha masharti ya mkopo: malimbikizo yanaongezwa kwenye deni, muda unarefushwa, na pengine riba inaguswa ili rejesho lishuke. Kama riba yako ya sasa ni asilimia 3, kuwa mwangalifu, kwani mkopo mpya unaweza kuja na riba kubwa zaidi. Kwa mikopo ya FHA pia kuna utaratibu wa kuyaweka malimbikizo pembeni kama deni la pili lisilo na riba, ambalo hulipwa ukiuza nyumba au ukimaliza mkopo wa kwanza. Kwa mtu aliyeyumba miezi michache kisha akapata kazi, hii mara nyingi ndiyo inayomfaa.

Kama mtaji bado upo na kipato hakirudi, nafuu ya kweli ni kuuza. Soma swali linalofuata.

7. Niuze sasa au nisubiri bei ipande?

Kama unaweza kulipa kila mwezi bila kukopa mahali pengine, subiri utakavyo. Hasara isiyouzwa haijakutoka mfukoni.

Kama huwezi, kila mwezi wa kusubiri unakula mtaji wako. Chukua nyumba yenye thamani ya dola 310,000 na deni la dola 280,000. Kwa macho una dola 30,000. Gharama za kuuza zikiwa asilimia 7, ni dola 21,700, kwa hiyo umebaki na 8,300. Rejesho lako likiwa dola 2,300, miezi minne ya kutolipa ni dola 9,200, na hapo mawakili wa benki bado hawajaongeza gharama zao. Mtaji umeisha, hata bei isiposhuka kwa senti moja. Na ikiwa mtaa wako unateremka, jirani atakayeuza kesho kwa bei ya chini ndiye atakayekupangia bei.

Kwa hiyo anayeuza kwa lazima asianze na bei ya matumaini. Nyumba iliyokaa sokoni miezi mitatu kwa bei ya juu, ikipunguzwa kidogo kidogo, huishia kuuzwa chini ya ile iliyoingia sokoni kwa bei halisi wiki ya kwanza.

8. Deni limezidi thamani ya nyumba, na siwezi kulipa. Bado kuna njia?

Zipo mbili za kuondoka kwa heshima kabla ya mnada. Ya kwanza ni kuuza chini ya deni kwa idhini ya mkopeshaji: mnunuzi anatoa bei ya soko, benki inakubali kupokea pungufu. Inachosha, maana benki hutaka barua ya shida, hati za mshahara, taarifa za akaunti na tathmini yake yenyewe, na kukiwa na mkopo wa pili, mkopeshaji huyo naye lazima akubali. Ya pili ni kumkabidhi mkopeshaji hati ya nyumba kwa hiari. Wengi huikataa kama nyumba ina madeni mengine yaliyosajiliwa juu yake.

Katika njia zote mbili, usisaini hadi karatasi iseme kwa maneno wazi kwamba deni linalobaki limefutwa. Nimeona barua zinazosema benki "imeachilia dhamana". Hiyo maana yake ni kwamba nyumba iko huru, na deni bado liko shingoni mwako.

Swali dogo linaloambatana na hili: "Nalipa bima ya mkopo kila mwezi, si itanilinda?" Hapana. Bima hiyo humlinda mkopeshaji kwa sababu kianzio chako kilikuwa kidogo. Wewe unailipia, yeye ndiye anayefidiwa.

## Barua zimeanza kuja

9. Nimepata barua yenye tarehe ya mnada. Kuna la kufanya?

Ndiyo, ila hesabu siku. Kwa sheria ya shirikisho, kama nyumba ndiyo makazi yako makuu na msimamizi wa mkopo wako ni kampuni kubwa, ukiwasilisha maombi ya nafuu yaliyokamilika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, haruhusiwi kuinadi nyumba hadi ayatolee uamuzi. Neno ni "yaliyokamilika". Hati moja ya mshahara ikikosekana, ulinzi huo haupo. Tuma kwa njia inayokupa risiti, kisha piga simu na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba hakuna kinachokosekana.

Siku 37 zikiwa zimepita, zimebaki njia chache: kulipa malimbikizo yote pamoja na gharama, kuuza haraka kama mtaji upo, kumwona mwanasheria akague kama taratibu za jimbo zimefuatwa, au kufungua shauri la kufilisika kwa Sura ya 13 ya sheria ya shirikisho ya ufilisi. Shauri hilo husimamisha mnada mara linapofunguliwa, na hukupa miaka mitatu hadi mitano ya kulipa malimbikizo huku ukiendelea na marejesho ya kawaida. Halimfai asiye na kipato, kwa sababu mpango usipolipika mahakama huutupa na mnada unarudi. Ofisi za msaada wa kisheria huwasaidia bure wenye kipato kidogo, usiogope kwenda.

10. Tangu kuchelewa hadi kunadiwa ni muda gani?

Kwa makazi yako makuu, hatua ya kwanza ya kisheria kwa kawaida hairuhusiwi hadi uwe umechelewa zaidi ya siku 120. Kabla ya hapo msimamizi wa mkopo anatakiwa ajaribu kuzungumza nawe kufikia siku ya 36 na akuandikie kufikia siku ya 45. Barua hizo ndizo watu huzitupa bila kuzifungua.

Baada ya siku 120, jimbo ndilo linaloamua. New York, New Jersey, Florida, Illinois na Ohio benki lazima iende mahakamani, na shauri linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Texas, Georgia, Arizona na California kwa kawaida haihitaji hakimu. Texas ni kali kuliko wengi wanavyodhani: mwenye makazi hupewa angalau siku 20 za kulipa malimbikizo, kisha tangazo la angalau siku 21, na nyumba inauzwa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Minnesota nako mnada unaweza kufanyika bila mahakama, lakini mara nyingi mwenye nyumba ana miezi sita baada ya mnada ya kuikomboa kwa kulipa bei iliyouziwa pamoja na gharama. Jamaa wa Houston asimpe ushauri wa tarehe jamaa wa Minneapolis.

11. Kuna kampuni imenipigia simu, inasema itaiokoa nyumba yangu kwa ada. Ni kweli?

Kata simu. Matangazo ya mnada ni taarifa za umma, na matapeli huyasoma kabla yako. Kwa kanuni za shirikisho, kampuni ya namna hii hairuhusiwi kupokea ada kabla haijakuletea ahadi ya maandishi kutoka kwa mkopeshaji, nawe ukaikubali.

Wabaya zaidi hawaombi ada. Wanakuambia uhamishie hati ya nyumba kwao, uwe mpangaji, kisha utanunua tena mambo yakitulia. Hati ikishaandikwa jina lingine, nyumba si yako, na mkopo umebaki kwa jina lako. Wapo wanaotumwa kwako na mtu wa kabila lako au dini yako, na ndiyo maana watu huwaamini. Usisaini karatasi ya hati bila mwanasheria uliyemtafuta wewe mwenyewe.

## Baada ya mnada

12. Nyumba imeuzwa chini ya deni. Bado nadaiwa?

Inategemea jimbo na aina ya mkopo. California, mkopo uliotumika kununua nyumba unayoishi kwa kawaida huishia kwenye nyumba yenyewe. Florida, mkopeshaji anaweza kuiomba mahakama ikuamuru ulipe kilichopungua. Usikae kimya ukipata hati ya mahakama miezi kadhaa baada ya kuhama.

Deni likifutwa, mkopeshaji anaweza kukutumia fomu 1099-C, na mamlaka ya kodi huliona deni lililofutwa kama kipato. Nafuu iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa makazi makuu iliongezwa muda mara kadhaa, na kikomo chake cha mwisho kilikuwa tarehe 31 Desemba 2025. Bado kuna kinga kwa mtu ambaye madeni yake yalizidi mali zake zote siku deni lilipofutwa. Mpelekee fomu hiyo mtaalamu wa kodi, usiiweke kabatini.

13. Na ikiuzwa zaidi ya deni?

Ziada ni yako, baada ya madeni mengine yaliyosajiliwa juu ya nyumba kulipwa. Ulizia kwa karani wa mahakama, kaunti au aliyeendesha mnada. Wengi hawajui, wakahama bila kuacha anwani, na pesa zikakaa. Atakayekupigia kutaka theluthi ya ziada hiyo "akutafutie", mwambie utakwenda mwenyewe.

14. Nitaweza kununua tena?

Ndiyo. Mnada hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka saba, lakini milango hufunguka mapema kuliko hapo. FHA kwa kawaida husubiri miaka mitatu, mikopo ya VA ya waliotumikia jeshi miaka miwili. Mikopo inayofuata kanuni za Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, husubiri miaka saba baada ya mnada, lakini minne tu baada ya kuuza chini ya deni au kukabidhi hati. Tofauti hiyo ya miaka mitatu ndiyo sababu nyingine ya kuhangaika na njia za swali la 8.

## Kwa wanaotaka kununua

15. Bei zinashuka. Ninunue sasa au ningoje?

Nunua ukiwa na kazi iliyotulia, ukiwa na akiba ya miezi kadhaa inayobaki baada ya kulipa kianzio, na ukiwa na nia ya kukaa miaka mingi hapo. Mwenye hayo matatu hatikisiki bei ikishuka kidogo baada ya yeye kuingia. Akikosa moja, bei nafuu haimsaidii.

Usinunue kwa kutegemea riba itashuka nawe utabadilisha mkopo. Sentensi hiyo niliisikia sana 2005. Rejesho la leo likikushinda leo, acha.

16. Nikanunue kwenye mnada wenyewe, si ndiko kwenye bei rahisi?

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, sikushauri. Mara nyingi unatakiwa pesa taslimu, pengine siku hiyo hiyo. Hukuona ndani. Huenda kuna familia inaishi humo, na kuwaondoa ni kazi yako. Na unachonunua kinaweza kubaki na madeni, hasa kodi ya nyumba, au mkopo wa kwanza ikiwa aliyenadi ni mwenye mkopo wa pili. Ukitaka unafuu, tafuta nyumba ambayo benki imeshaichukua na inaiuza kupitia wakala: utaikagua, na utapata bima ya hati, inayokukinga na madai ya zamani juu ya umiliki.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mimi ni mpangaji, na nyumba ya mwenye nyumba wangu inanadiwa. Nitatolewa?

Si mara moja. Sheria ya shirikisho ya 2009 ya kuwalinda wapangaji, iliyorudishwa bila kikomo mwaka 2018, inamtaka mmiliki mpya akupe angalau notisi ya siku 90. Ukiwa na mkataba wa kupanga wa kweli uliotiwa saini kabla mnada haujakamilika, unaweza kukaa hadi uishe, isipokuwa mnunuzi anataka kuishi humo mwenyewe. Hapo siku 90 ndizo zako. Endelea kulipa pango na utunze risiti.

18. Baba amefariki, na mkopo uko kwa jina lake. Benki inaweza kudai wote ulipwe?

Sheria ya Garn–St Germain ya 1982 inazuia mkopeshaji kudai deni lote kwa sababu tu nyumba imehamia kwa ndugu wa marehemu baada ya kifo. Mrithi anaweza kuendelea kulipa kwa masharti yale yale. Mpelekee msimamizi wa mkopo cheti cha kifo na ushahidi wa urithi, umwombe akutambue kama mrithi. Baada ya hapo unaweza hata kuomba nafuu za swali la 6. Marejesho yasisimame wakati familia inakaa vikao.

19. Benki nailipa vizuri. Chama cha wenye nyumba nacho kinaweza kuninadi?

Katika majimbo mengi, ndiyo, kwa michango isiyolipwa. Nevada mwaka 2014 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba chama kikinadi kihalali kwa ile sehemu ya michango ambayo sheria huitanguliza mbele ya mkopo, dai la benki mwenye mkopo wa kwanza linaweza kufutika kabisa. Ukiwa na mgogoro wa faini na chama, lipa michango ya kawaida kwanza, kisha lalamika.

20. Na kaunti, kwa kodi ya nyumba?

Pia. Ila tangu tarehe 25 Mei 2023 haiwezi kubaki na kila kitu. Katika kesi ya Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin, Minnesota, mama mwenye miaka 94 alikuwa na deni la kodi na adhabu lililofikia dola 15,000. Kaunti iliuza fleti yake kwa dola 40,000 ikachukua zote. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwa sauti moja kwamba ziada ni mali ya mwenye nyumba.

Na bei zikishuka, kata rufaa ya ukadiriaji wa nyumba yako kila mwaka. Texas mwisho kwa kawaida ni tarehe 15 Mei. Peleka bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Texas hakuna ada ya kupinga.

21. Nilinunua kwa mfumo usio na riba. Mimi nanadiwaje?

Kwa kawaida kama wengine. Mikataba mingi ya ushirika au ya kuuziwa kwa faida husajiliwa kwenye kaunti kama dhamana, na usipolipa hufuata utaratibu wa jimbo. Soma kifungu kinachoeleza bei ikishuka hasara inabebwa na nani, kwa sababu neno "ushirika" peke yake halikuhakikishii kwamba mwenzako anabeba sehemu yake.

22. Nikinadiwa, kutaharibu karatasi zangu za uhamiaji?

Kushindwa kulipa mkopo ni deni, si jinai. Kinachoweza kukufikisha pabaya ni kudanganya kwenye fomu ya mkopo: kuongeza kipato, au kusema utaishi kwenye nyumba unayojua utaipangisha. Hilo ni kosa la jinai la shirikisho. Kama mtu alikujazia fomu yenye maelezo yasiyo ya kweli, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaijaza fomu ya maombi ya nafuu, maana nayo inauliza kipato na inasainiwa.